Naomba ushauri: nashindwa kusema hapana kwenye kikoba chetu

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mmoja wa washika funguo kwenye kikoba cha akina mama 22. Tangu utoto napenda watu wapatane. Nikiona wawili wamenuniana, usingizi unakata. Wanasaikolojia huihesabu tabia hii ya kukubaliana na wenzako kati ya sifa tano kuu za haiba, na kweli imetusaidia, kikundi kina mwaka wa nne hakijavunjika.

Shida ni mikopo. Jumamosi iliyopita mwenzetu ambaye hajamaliza deni la awali aliomba 300,000 tena. Wote wakaitikia. Sanduku letu lina kufuli tatu, bila mimi halifunguki. Ufunguo umelowa jasho mkononi, moyo unakataa kabisa, lakini nikafungua.

Baadaye nikasoma majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya 1951: watu walilinganisha urefu wa mistari, na wengi walifuata jibu la kikundi angalau mara moja japo kosa lilikuwa wazi. Nikajiona mimi.

Mgawo ni Desemba. Mliowahi kushika ufunguo, mnakataaje mbele ya wenzenu bila kuvunja undugu? Nikipendekeza kura ya siri, hawataona kwamba siwaamini?