Fremu ya kutandia mtande: vigingi visiiname

Mfumaji_Kilifi: Habari za kazi. Nataka kuunda fremu ya kutandia mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) wa mita 5, niitundike ukutani. Nina mbao za mbili kwa mbili, na mipini ya fagio ya kukatia vigingi. Ya jirani yangu vigingi vinainama ndani uzi ukijaa. Nifanyeje?

FundiMbao: Tundu ziwe na kina cha sentimita 3 na zielekee nje kidogo, usitoboe wima. Uzi wa pamba ukiwa mwingi unavuta ajabu! Tia gundi, kisha piga msasa sana. Kijibanzi kimoja tu kinakata nyuzi. Acha mita moja kati ya safu mbili za vigingi, hesabu itakuwa rahisi.

Bi_Mfumi: Mwanangu, usisahau vigingi vya kupishanisha uzi. Hapo ndipo mpangilio wa nyuzi unapotunzwa. Yafunge mapishano kwa uzi wa rangi nyingine kabla hujautoa mtande, la sivyo utatatizika kutwa.

Mfumaji_Kilifi: Shukrani. Mita 5 zitatoa vikoi vingapi?

Bi_Mfumi: Viwili. Kimoja kinakula karibu mita 2 pamoja na matamvua, na kipande cha mwisho kwenye kitanda cha mfumi (chombo cha kufumia) hakifumiki.