Mrejesho: kelele chini ya Hz 1 kwenye faiba ya kupimia mitetemo

Niliuliza kwa nini faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga) kwenye meza ya mtetemo inafuatana vizuri na jiofoni (kifaa cha kupimia mtikiso wa ardhi) kwa Hz 10, yaani mitikiso 10 kwa sekunde, ila chini ya Hz 1 mstari wa data unapanda na kushuka wenyewe. Waliosema ni joto walipatia. Badiliko la nyuzi 1 ya Selsiasi huonekana kama faiba imevutwa takriban sehemu 10 kwa milioni, na huo ni mvuto mkubwa kuliko mtetemo wote niliokuwa natafuta. Nimefunika mzingo wa faiba kwa sanduku la povu, nikausubiri utulie usiku kucha kabla ya kupima. Mstari umetulia.

Kosa la pili lilikuwa kebo yenyewe: faiba iliyolegea ndani ya jeli huteleza, haifuati meza. Nimeweka yenye koti lililobana, nikaigandisha kwa gundi ya epoksi urefu wote. Kubandika ncha tu hakutoshi.

Mruko wa ghafla kwenye data haukuwa tetemeko. Fezi (hatua ya wimbi la mwanga ndani ya faiba) ilibadilika zaidi ya π, yaani nusu wimbi, kati ya sampuli mbili (vipimo viwili vinavyofuatana), programu ikahesabu vibaya. Ongeza kasi ya sampuli au punguza mtikiso.