Naomba ushauri: kidonda cha mamangu hakiponi

Hamjambo wapendwa. Mamangu ana miaka 63, tunaishi Kayole. Tangu mwaka jana ana muwasho na kidonda kidogo kwenye shavu la uke. Kliniki ya mtaani imempa krimu ya fangasi mara tatu. Kinatulia wiki mbili, kinarudi. Pap smia ilitoka safi, tukaambiwa tusiwe na wasiwasi. Lakini kipimo hicho si huangalia mlango wa kizazi, sio ngozi ya nje? Hakuna aliyekata kinyama akakipeleka maabara, na mama mwenyewe anaona haya kurudi.

Je, niombe biopsi (hicho kipimo cha kukata kinyama) papo hapo kliniki, au nitafute barua ya rufaa twende Hospitali ya Kenyatta? Na waliopitia haya, majibu yalichukua muda gani?