Kimbunga kikielekea pwani, kijiji kihame saa ngapi?

MtiWaMkoko:
Wakuu, habari za jioni. Kamati yetu ya maafa ya kijiji, huku Kilwa, inaandika upya mpango wa kuhamisha watu kimbunga kikija. Rasimu iliyopo inasema "wananchi watahamishwa TMA ikitoa tahadhari" (TMA ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), basi. Haisemi saa ngapi wala nani aanze. Kijiji kina kaya 340 hivi, watu kama 1,500. Nusu wanakaa chini mchangani, kati ya mikoko na bahari, na nusu wako juu barabarani. Shule ya msingi iko kilomita 3 kutoka ufukweni, ina madarasa 9. Tuhesabu saa kuanzia wapi? Na ramani ya njia ya kimbunga tuiamini kiasi gani?

Upepo_Kusi:
Mkuu, hesabuni kuanzia upepo, jicho (katikati ya kimbunga) liacheni. Saa ya mwisho ni pale upepo wa km 63 kwa saa (noti 34) unapogusa kijiji. Ukishafika huo, mashua haivuki na bodaboda haibebi mzee. Kituo cha La Réunion ndicho kinachofuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, na taarifa zake hutaja upepo huo umetanda km ngapi kutoka kwenye jicho, kila upande.

Chukua mfano. Jicho liko km 400 kutoka kwenu, linakwenda km 15 kwa saa, upepo umetanda km 120. Jicho litafika baada ya saa 27 hivi, lakini upepo utafika baada ya saa 19. Kimbunga kikiongeza mwendo hadi km 20, upepo unafika baada ya saa 14. Saa 5 zimeyeyuka na hakuna aliyezembea.

Sasa rudini nyuma. Upepo unatarajiwa Jumamosi saa 12 asubuhi. Watoto na wazee hawahamishwi gizani kwenye mvua, kwa hiyo mwisho wenu ni Ijumaa saa 12 jioni. Kupita nyumba kwa nyumba saa 2, kufunga mizigo na kuvuta vyombo juu saa 3, mwendo wa km 3 kwa hatua za bibi na mtoto saa 2, za dharura saa 2. Jumla 9. Wito utoke Ijumaa saa 3 asubuhi, kwa taarifa ya usiku wa manane. Mkisubiri ya asubuhi itoke, isomwe, kamati ikutane, jua limeshafika utosini.

Tena, angalieni saa zenyewe. Taarifa huandikwa kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa 3. "12 UTC" ni saa 9 alasiri kwetu. Mtu akiisoma kama saa 12 jioni, mmechelewa saa 3 kwa kosa la kusoma tu.

Na ile koni kwenye ramani, yaani umbo linalopanuka mbele ya kimbunga, inaonyesha jicho linaweza kupita wapi, haionyeshi upana wa kimbunga. Kijiji kilicho nje ya koni kinaweza kupigwa upepo na mvua vizuri tu, na mara nyingine jicho lenyewe hutoka nje ya koni.

Bamvua_Kuu:
Naongeza jambo ambalo mipango mingi haina: upande. Huku kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, walio kusini mwa jicho hupigwa na upepo unaotoka baharini, ukisukuma maji nchi kavu. Walio kaskazini upepo hutoka bara. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, kwa hiyo Mtwara ilikuwa upande wa nafuu. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilisogea karibu na Mafia, na ninyi wa Kilwa mkawa kusini yake. Ramani ikionyesha jicho linapita kaskazini yenu, msishangilie.

Halafu maji. Shinikizo la hewa likishuka hektopaskali 1 (kipimo cha shinikizo hilo), bahari hupanda sentimita 1 hivi, na upepo unaongeza juu yake. Pwani yetu wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwa hiyo mawimbi yaleyale yakikuta maji yamekupwa hayafiki hata alama ya bamvua. Yakikuta maji yamejaa yanaingia jikoni. Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa 14 Machi 2019 mwezi ukiwa robo, yaani maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo. Kingekuja wiki moja baadaye kingekutana na bamvua. Wekeni jedwali la maji kando ya taarifa ya kimbunga, mwangalie kujaa kuko saa ngapi.

MtiWaMkoko:
Ahsanteni sana wakuu. Kwa hiyo wa juu barabarani wabaki?

Kamati_Kata:
Wabaki, kama nyumba ni imara na haiko bondeni. Wasijaze njia. Kimbunga Rita kilipokaribia Texas, Marekani, mwaka 2005, watu kama milioni 2.5 waliingia barabarani, wengi hata hawakuwa kwenye eneo la maji, na waliokufa safarini walikuwa wengi.

Ila shule yako haitoshi, mkuu. Darasa la mita 7 kwa 8 lina mita za mraba 56. Kwa mita 2 kila mtu, usiku mmoja, ni watu 28. Madarasa 9 yanabeba 252, na wa chini ni 750. Kila kaya ya chini ipangiwe kaya ya juu sasa hivi, kwa majina, na shule iachiwe wasio na mwenyeji. Paa likaguliwe kabla ya masika: misumari iliyolegea kwenye bati, mapaa yasiyofungwa kwenye ukuta. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu kwa siku, siku 2, ni lita 4,500. Tangi la 5,000 lijae kabla ya wito.

Wa kwanza kuitwa ni wavuvi wa dago (kambi za muda za uvuvi) visiwani. Hawamo kwenye daftari la kijiji, na simu huko haishiki. Chombo kiwafuate siku moja kabla ya wito wa jumla. Wenye ngalawa na mashua nao wapewe muda wa kuvuta vyombo, la sivyo watabaki navyo.

Msirudishe watu kwa sababu upepo umetulia. Idai ilileta mafuriko ya mito Buzi na Pungwe yaliyoua watu jicho likiwa limeshapita. Hidaya nayo ilikuta ardhi imelowa kwa masika, barabara ya Lindi ikakatika Somanga. Mtu mmoja akaangalie kina cha mto kila baada ya saa 3, kwenye nguzo iliyochorwa mistari, na kurudi kuanze maji yakishuka mara mbili mfululizo.