Kuvua samoni na trauti wa baharini kwa nzi bandia katika Lough Currane

Mgeni wa Kerry:
Ndugu wavuvi, salaam. Nilijifunza kuvua trauti kwa nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu, katika mito ya Mlima Kenya, ambako mkondo wenyewe humwonyesha mvuvi mahali samaki alipojibanza. Sasa ninaishi kusini-magharibi mwa Ireland na ninavua Lough Currane, ziwa ambalo samoni na trauti wa baharini (trauti wanaokwenda kukua baharini kisha kurudi) huliingia kutoka Ghuba ya Ballinskelligs kupitia mto mfupi sana. Nitajuaje pa kupitisha mashua? Tena, samoni husemwa kuwa hali chakula chochote akiwa katika maji yasiyo na chumvi. Mbona hudaka nzi wa manyoya?

Mzee wa Mashua:
Karibu, ndugu. Ziwani, upepo ndio unaofanya kazi ya mkondo. Mashua huachwa ikae ubavu kwa upepo na kusukumwa polepole, nawe unarusha mshipi mfupi upande inakoelekea. Usihangaike na vilindi, kwani samaki hawa hupenda kutulia kwenye maji ya mita 1 hadi 3, kandokando ya mawe, kwenye midomo ya mito na kuzunguka visiwa kama Church Island. Funga nzi watatu katika mshipi mmoja. Yule wa juu awe na manyoya mengi, na kila unapomaliza kuvuta, inua ufito ili aparaze uso wa mawimbi. Mara nyingi samaki hupanda wakati huo huo. Ziwa likilala shwari chini ya jua kali, kunywa chai yako.

Ndoano Butu:
Samoni huishi kwa mafuta aliyoyahifadhi baharini. Kinachomfanya adake huenda ni hasira au mazoea ya huko alikotoka, wataalamu hawajakubaliana. Kwa mvuvi, lililo muhimu ni kwamba trauti hudaka na kutema upesi, hivyo inua ufito mara moja, ilhali samoni anapaswa kuachwa ageuke kwenda chini mpaka uhisi uzito wake. Mkono uliozoea mito ya kwetu utaliona hilo gumu.

Mkaazi wa Uskoti:
Niongeze la sheria. Ireland humhesabu trauti wa baharini anayezidi sentimita 40 pamoja na samoni, kwa hiyo leseni ya Serikali ni lazima, na samaki utakayemchukua hufungwa lebo. Mimi huwarudisha wote majini. Ziwa la Loch Maree, huku kwetu, lilisifika sana kwa trauti hao hadi walipopungua vibaya mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya vizimba vya kufugia samoni kuwekwa Loch Ewe, mkono wa bahari ambako maji ya ziwa hilo humwagikia. Wengi, nami nikiwamo, tunawalaumu chawa wa samaki waliozaliana humo, ingawa wafugaji hawakukubali. Kabla ya kuweka samaki kapuni, waulize wakodishaji mashua kuhusu kanuni za msimu huu, kwa kuwa hubadilika.