Naanza kufuatilia besiboli, nichague timu gani?

mgeni_uwanjani:
Wakuu habari zenu. Tangu niangalie fainali ya 2025, Dodgers wa Los Angeles na Blue Jays wa Toronto, ile mechi ya saba iliyoenda mpaka iningi ya 11 (iningi ni raundi za mchezo, kawaida ziko tisa), huu mchezo umeniingia kabisa. Sheria kubwa kubwa nimeshazishika. Shida ni timu. Ziko 30, sina ndugu wala historia na mji wowote wa Marekani, na kila ninayemuuliza ananitajia Dodgers au Yankees basi. Sitaki kukimbilia kombe, ila pia sitaki timu ya kunitesa miaka 20. Nyie mlichaguaje? Naomba sababu, sio jina tu.

mzee_wa_iningi:
Karibu sana mkuu. Kabla ya jina la timu elewa kitu kimoja, besiboli ni mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, na hapo mtoano bado. Na kila timu inafungwa sana. 2025 Brewers ndio walikuwa na rekodi bora kuliko wote kwenye msimu wa kawaida na bado walipoteza mechi 65. White Sox 2024 walipoteza 121, ambayo ni rekodi ya enzi hizi, lakini hata wao walishinda 41. Kwahiyo usiulize nani atachukua kombe, jiulize ni watu gani unaweza kukaa nao kila siku miezi sita hata wakiwa wamefungwa nne mfululizo.

Halafu angalia muda. Timu za pwani ya magharibi, yaani Seattle, San Diego, Los Angeles, San Francisco, mechi zao za usiku zinaanza karibu saa nne usiku kwa saa za New York. Kama muda huo umelala utakuwa shabiki wa hailaiti tu, na besiboli ya hailaiti sio besiboli. Utaona mpira unaruka nje ya uwanja, hutaona ile mipira tisa kumi ya kutegeana kati ya mrushaji na mpigaji iliyotangulia, na utamu uko pale.

besi_ya_tatu:
Mimi naona aanze na mchezaji. Mpende mtu kwanza, timu itakuja yenyewe. Muangalie Ohtani, anarusha na anapiga, na 2024 alipiga homu rani 54, yaani mipira inayovuka nje ya uwanja, akaiba besi 59, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila mpira kupigwa, ndani ya msimu mmoja, hakuna mwingine aliyewahi hata kufikisha 50 na 50. Ukimfuata huyo ukaishia Dodgers kuna ubaya gani? Na Dodgers sio hela tu jamani. Hii ndio timu iliyomwingiza Jackie Robinson 1947 wakiwa bado Brooklyn, wakati ligi kuu ilikuwa imewafungia mlango watu weusi miaka na miaka. Jezi namba 42 imestaafishwa kwenye timu zote kwa heshima yake. Hiyo ni sababu tosha kabisa.

mzee_wa_iningi:
Robinson nakubali asilimia mia. Ila kufuata mchezaji ni hatari, wanahama sana. Mookie Betts alikuwa kipenzi cha Boston, 2020 huyoo Dodgers. Soto ameshapita Nationals, Padres, Yankees, sasa yuko Mets. Devers katolewa Boston katikati ya msimu wa 2025 kapelekwa San Francisco. Ukimfuata mtu mmoja utabadilisha jezi mpaka uchoke.

daraja_la_njano:
Hapa nitaandika refu mnisamehe maana timu yangu haitajwi na mtu, Pittsburgh Pirates. Sikudanganyi mkuu, kombe la mwisho ni 1979, mtoano wa mwisho 2015, na bajeti ya mishahara iko kwenye zile ndogo ndogo. Lakini sikiliza. 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani na jezi ya Pirates, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara letu kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza kabisa kupiga, anayerusha ni Jon Lester wa Cubs, mtu mwenye makombe, akaupiga mpira ukapita katikati akafika besi ya kwanza. Ile clip naiangalia mpaka leo na bado inanigusa.

Halafu kuna Roberto Clemente. Mtu wa Puerto Rico, alimaliza na hiti 3,000 kamili, yaani mara alizopiga mpira akafika besi salama, na usiku wa mwisho wa mwaka 1972 akafa kwenye ajali ya ndege akipeleka misaada kwa waliopigwa na tetemeko Nicaragua. Daraja linaloonekana nyuma ya uwanja lina jina lake, siku ya mechi wanalifunga kwa magari, watu wanavuka kwa miguu kuingia uwanjani. Na kwa sasa tuna mrushaji Paul Skenes, siku akirusha yeye acha kila kitu ukae uangalie.

besi_ya_tatu:
Aisee ya Ngoepe nilikuwa siijui, safi sana. Mkuu kama unataka timu yenye njaa ya kweli weka na Mariners wa Seattle kwenye listi, ndio pekee haijawahi kabisa kufika World Series, yaani fainali, na 2025 walibakiza mechi moja, wakapigwa mechi nne kwa tatu na Toronto, licha ya kuwa na Cal Raleigh, mdakaji aliyepiga homu rani 60 mwaka huo.

mgeni_uwanjani:
Nashukuruni sana. Nimebaki na mbili, Pirates na Mariners, ila Seattle muda wao ni mgumu kwangu. Sasa nitajuaje kama nimeipenda timu kweli au nimependa stori?

daraja_la_njano:
Fuata Pirates mwezi mzima wa Aprili, na usiangalie siku za Skenes tu. Chukua redio ya timu yenyewe kwenye app ya ligi, watangazaji wa nyumbani wanakujulisha kila mchezaji mpaka wa akiba. Wakifungwa Jumanne ukajikuta Jumatano unatafuta nani anaanza kurusha leo, basi ushakuwa wetu.