Tupeane uzoefu: ni lini kazi ya sanaa ilikugusa kuliko video za kwenye simu?

Mkaanga_Sumu: Wakuu, nianze kwa kujiaibisha. Juzi kwenye daladala, Ubungo hadi Mwenge, nilitazama ajali, nyumba inaungua na mama analia msibani. Zote nikazigongea kikatuni cha machozi, nikahamia vichekesho. Jioni sikukumbuka hata ajali ilitokea mkoa gani.

Niliposhuka Mwenge mvua ikanikuta, nikajibanza kibandani kwa mzee mmoja Mmakonde, mchonga vinyago. Baba yake alivuka Ruvuma kutoka Mueda, Msumbiji, kuja kukata mkonge huku. Alikuwa anapiga msasa kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandana na kubebana, wote kutoka gogo moja la mpingo. Simu ilikuwa imezima, kwa hiyo nikatazama tu. Chini kabisa kuna mtu kabeba ukoo mzima, shingo imezama mabegani. Nikauliza, huyu nani? Mzee akasema, "Huyo hakuna anayemuuliza. Wateja wanaanzia juu."

Nikamkumbuka kaka yangu. Aliacha shule darasa la sita akasukuma mkokoteni ili sisi tusome. Sijawahi kumwambia asante. Nilimpigia usiku ule ule, akadhani kuna msiba.

Na nyinyi je?

Bi_Mkunazini: Mwanangu, huku Unguja hayo ndiyo ya taarab. Ile ya asili, ya kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilichopo tangu 1905, haina haraka. Ubeti ukikuchoma unanyanyuka, unakwenda kumtunza mwimbaji pesa mbele ya watu wote. Kwenye arusi moja uliimbwa wimbo wa kuachwa. Jirani yangu, tuliyenuniana miaka miwili kwa sababu ya maji ya mfereji (upuuzi mtupu), akenda kutunza machozi yakimtiririka. Kumbe mumewe kashahama! Na mimi kila siku namwona kwenye picha zake za simu anacheka na keki. Asubuhi nikampelekea mkate wa kumimina. Hatujazungumza habari ya mume mpaka leo, lakini maji tunachota pamoja.

Msafiri_Muscat: Simu mnaionea. Mama alinitumia sauti yake akimwimbia mwanangu wa miezi minane ili alale. Hodari wa kuimba siye, na jogoo anamkatiza. Nausikiliza nikitoka kazini usiku, mara ya tatu ya nne. Zile video nyingine nakiri, napita tu.

Fundi_Geti: Mimi uzoefu sina, nina swali. Mleta mada, kinyago ulinunua au ulijikinga mvua bure?

Mkaanga_Sumu: @Fundi_Geti bei ilinishinda mkuu. Nikachukua chanuo la mpingo, nikampelekea kaka. Kanijibu ana upara tangu 2015.